Alama za + na − kwenye gari ya otomatiki: ni vitesi za kweli?

Kwenye gari nyingi za Kijapani zinazovuka ziwa kutoka Kigoma hadi bandari ya Kalemie, pembeni ya herufi D ya levye kuna alama mbili ndogo: + na −. Kwenye gari zingine, zile zenye sura ya spoti, alama hizo ziko nyuma ya usukani, kwenye vipande viwili vinavyovutwa na vidole, ambavyo mafundi wanaviita palete. Muuzaji akifika hapo, maneno yake ni karibu yale yale: "Papa, hii iko otomatiki, lakini ukipenda iko na manuele pia. Unapata mbili kwa bei ya moja."

Si uongo mtupu. Lakini si ukweli pia, na tofauti hiyo inaweza kumgharimu mtu bwate ya vitesi nzima, au kazi ya ushofere, au freni zake katikati ya mteremko. Kwenye manuele ya kweli shofere anaamuru. Kwenye + na − shofere anaomba, na kompyuta ndiyo inayojibu ndiyo au hapana.

Ili jambo hili lieleweke, inafaa kuanza na gari ya zamani yenye pedali tatu.

Mguu wa kushoto

Kati ya motere na bwate ya vitesi, gari ya manuele ina ambreyaje: sahani iliyobanwa kwa springi kwenye gurudumu zito la motere. Mguu wa kushoto ukikanyaga, sahani inaachana na motere, nguvu inakatika. Mkono unahamisha levye, vitesi moja inaachwa, nyingine inashikwa. Mguu unainuka polepole, nguvu inarudi kwenye magurudumu. Wa Tanzania wanasema klachi na gia, lakini chuma ni kile kile.

Kati ya mguu huo na barabara hakuna mtu mwingine wa kuulizwa. Uzuri wote wa manuele unatoka hapo, na hatari yake vilevile. Shofere anaweza kuruka kutoka vitesi ya tano mpaka ya pili bila kupitia katikati. Anaweza kuachia ambreyaje nusu nusu ili gari itoke matopeni. Anaweza kuwasha gari ambayo batri yake imekufa, vijana wanne wakisukuma nyuma. Lakini akikosea, hakuna wa kumzuia. Gari ikiwa kwenye kilometa 110 kwa saa, mkono ukitaka vitesi ya nne ukaangukia ya pili, mguu ukiachia ambreyaje basi magurudumu ndiyo yatakayozungusha motere, na kwa mizunguko ambayo haikutengenezwa kuivumilia. Valvu zinapinda. Motere imekufa, na hakuna taa hata moja iliyowaka kuonya.

Motari wa Kalemie wanajua aina ya pili ya manuele, hata kama hawakuwahi kuisikia kwa jina. Kwenye moto vitesi zinafuatana kama ngazi. Ukiwa kwenye ya nne na unataka ya kwanza, lazima mguu upitie ya tatu na ya pili. Hakuna kuruka. Ambreyaje iko kwenye mkono wa kushoto badala ya mguu, lakini ipo, na inakata nguvu kwa amri ya mtu. Kwa hiyo moto ni manuele ya kweli, manuele ya kufuatana. Alama za + na − kwenye gari zimeiga mtindo huo wa ngazi: kugusa mara moja, hatua moja juu, kugusa mara moja, hatua moja chini. Zilichokiacha ni ambreyaje.

Feni mbili zinazotazamana

Otomatiki ya kawaida haina sahani ya kukanyagwa. Mahali pake kuna konvertisere. Mutu aweke feni mbili zitazamane, moja imewashwa na nyingine imezimwa: upepo wa ya kwanza utaanza kuzungusha ya pili bila kugusana. Ndani ya konvertisere upepo huo ni mafuta. Ndiyo sababu gari ya otomatiki inaweza kusimama na D imewekwa, motere inanguruma, na haizimiki. Mafuta yanateleza tu katikati ya feni hizo. Gari za kisasa zinafunga konvertisere kwa sahani zikishika mwendo, ili nguvu isipotee.

Nyuma ya konvertisere ziko vitesi zenyewe, na hazihamishwi na mkono. Presha ya mafuta inabana sahani ndogo ndogo, inaachia hizi na kubana zile. Presha hiyo inatoka kwenye pampu, na pampu inazungushwa na motere. Jambo hilo la pampu likumbukwe, kwa sababu litarudi chini hapa, mahali pa kusukuma na kuvuta gari.

Kampuni ya General Motors ya Marekani iliuza otomatiki yake, Hydra-Matic, kuanzia mwisho wa 1939 kwenye Oldsmobile za mwaka 1940. Kwa miaka mingi shofere aliachiwa herufi na namba chache tu: D, 3, 2, L. Watu wengi hapa kwetu wanafikiri kwamba kuweka 2 ni kuchagua vitesi ya pili. Kwenye gari nyingi si hivyo. Ile 2 ni dari: gari itafanya kazi kati ya vitesi ya kwanza na ya pili, haitapanda zaidi.

Halafu Porsche ya Ujerumani ikaleta Tiptronic kwenye 911 za mwaka 1990. Ilikuwa otomatiki ya konvertisere kama zingine, lakini levye iliweza kusogezwa pembeni, kwenye njia yake ya peke yake yenye + na −. BMW ikafuata na Steptronic mwaka 1996, na Chrysler mwaka uleule ikawa na AutoStick. Baada ya hapo kila kampuni ikatafuta jina lake. Majina ni mengi, kazi ni moja: kidole kinatuma alama ya umeme kwa kompyuta, kompyuta inaangalia mwendo wa gari na mizunguko ya motere, halafu inaamua.

Inapokataa, inakataa kwa namna tatu. Ukiomba vitesi ya chini wakati gari iko mbio, inakaa kimya au inapiga mlio, na hakuna kinachobadilika. Kosa lile la kuua motere haliwezekani kwa njia hiyo. Ukisahau kupandisha na sindano ya mizunguko ikafika sehemu nyekundu, gari nyingi zinapandisha zenyewe, ingawa baadhi za spoti zinaachwa zigonge ukomo mpaka shofere aombe. Na ukisimama, inarudi ya kwanza yenyewe bila kukungoja. Kwa mtu anayesafirisha familia hiyo ni baraka. Kwa mtu aliyenunua gari ya spoti ili aiendeshe yeye mwenyewe, hapo ndipo malalamiko yanapoanza.

S si M

Hapa kuna jambo ambalo hata mafundi wazuri wanalichanganya. Kwenye Toyota nyingi, levye ikisogezwa pembeni kioo kinaonyesha S na namba, kwa mfano S4. Namba hiyo, kama ile 2 ya zamani, ni dari. S4 maana yake gari ina ruhusa ya kutumia ya kwanza mpaka ya nne, na ndani ya hapo inachagua yenyewe. Shofere anabonyeza −, inaandika S3, lakini gari ilikuwa tayari kwenye ya pili, kwa hiyo hakuna kitu kinachotokea. Anasema alama zimekufa. Anaenda garaji, fundi anafungua, dola zinatoka, na hakukuwa na ugonjwa.

Gari inayoonyesha M na namba, mara nyingi, inashika vitesi ile ile iliyoandikwa mpaka shofere aombe nyingine. Njia nyepesi ya kutofautisha ni kuangalia sindano ya mizunguko kwenye barabara tambarare. Kama umeweka 4 na mguu ukikanyaga mafuta kidogo zaidi mizunguko inaruka ghafla, gari imeshuka vitesi yenyewe. Basi ile 4 ilikuwa dari.

Halafu kuna zile ambazo hazina vitesi kabisa. Bwate ya CVT ina mkanda wa chuma kati ya magurudumu mawili yanayopanuka na kubana, kwa hiyo uwiano unateleza bila hatua, kama mtu anayepanda kilima kwa njia ya mviringo badala ya ngazi. Nissan X-Trail za kuanzia 2007 ziko nazo nyingi, na Subaru iliiweka kwenye Legacy mwaka 2009 pamoja na palete kwenye usukani. Sasa, kama hakuna vitesi, + na − zinafanya nini? Kompyuta inasimamisha mkanda kwenye sehemu sita au saba zilizopangwa, na kuziita vitesi. Zinafaa kwa kushuka mlima. Lakini mtu akisema amenunua CVT ya manuele, ametunukiwa ngazi iliyochorwa ukutani.

Ambreyaje bila pedali

Ingekuwa rahisi kumaliza hapo na kusema kwamba palete zote ni mchezo. Si kweli, na magari ya mashindano yanaonyesha hivyo.

Tarehe 26 mwezi wa tatu 1989, huko Rio de Janeiro, Brazili, Nigel Mansell alishinda mbio za Formula 1 na Ferrari 640. Gari hiyo iliyobuniwa na John Barnard haikuwa na levye ya kawaida. Ilikuwa na palete mbili nyuma ya usukani, na ndani yake bwate ya manuele ya kweli, yenye ambreyaje ya sahani, lakini presha ya mafuta ndiyo iliyofanya kazi ya mguu na ya mkono. Ilikuwa mara ya kwanza gari ya namna hiyo kushinda, na ilishinda mbio zake za kwanza kabisa. Faida yake ilionekana mara moja: mikono yote miwili inabaki kwenye usukani kwenye kona, na mkono hauwezi kukosea njia. Mwaka 1997 Ferrari iliweka palete kwenye F355, gari ya barabarani.

Kisha ikaja bwate ya ambreyaje mbili. Volkswagen iliiuza kwanza kwenye Golf R32 mwaka 2003. Ndani yake ni kama bwate mbili za manuele zilizowekwa pamoja: moja imeshika vitesi ya 1, 3 na 5, nyingine ya 2, 4 na 6, kila moja na ambreyaje yake. Gari ikiwa kwenye ya tatu, ya nne imekwisha kutayarishwa pembeni. Kubadilisha ni kuachia ambreyaje moja wakati nyingine inabana, na nguvu karibu haikatiki. Porsche, ambayo ilikuwa imejaribu jambo hilo kwenye magari yake ya mashindano miaka ya 1980, iliiweka kwenye 911 ya barabarani mwaka 2008. Nissan GT-R ya 2007 ilitoka nayo na haikupata pedali ya tatu hata siku moja.

Kwa hiyo palete mbili zinazofanana zinaweza kuwa na vitu tofauti kabisa nyuma yake: konvertisere, mkanda wa CVT, au ambreyaje mbili. Kuangalia usukani hakusemi lolote. Na kwa upande wa mbio, ubishi umekwisha zamani: hakuna mguu wa binadamu unaoweza kuishinda bwate ya ambreyaje mbili kwa saa ya kupimia.

Lakini watu hawanunui gari ya spoti kwa ajili ya saa peke yake. Porsche ilijifunza hivyo kwa shida. Mwaka 2013 ilitoa 911 GT3 mpya na palete tu, bila manuele. Wapenzi wa gari hiyo walilalamika sana. Mwaka 2016 kampuni ikatoa 911 R yenye manuele, gari 991 peke yake, na mwaka 2017 GT3 yenyewe ikarudishiwa pedali ya tatu kwa anayeitaka. Toyota ilipita njia ile ile. GR Supra ilirudi sokoni 2019 na otomatiki tu, halafu mwaka 2022 ikaongezewa manuele. GR Yaris ilifanya kinyume: ilianza na manuele 2020, otomatiki ikaja 2024. Ferrari haikurudi nyuma. 458 Italia, iliyoonyeshwa 2009, haikuwahi kuuzwa na levye ya manuele.

Karibu zaidi na kwetu, kuna Safari Rally ya Kenya. Ilianza 1953 ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika ya wakati ule, ng'ambo ya ziwa letu. Iliporudi kwenye ubingwa wa dunia mwezi wa sita 2021, Sébastien Ogier alishinda na Toyota Yaris ambayo vitesi zake zilibadilishwa kwa palete. Mwaka uliofuata, kwenye vumbi lile lile la Naivasha, Kalle Rovanperä alishinda na Toyota zikachukua nafasi nne za kwanza, lakini palete zilikuwa zimeondolewa. Kanuni mpya za 2022 zilirudisha levye ya kuvutwa na mkono, vitesi tano za kufuatana kama za moto, ili kupunguza gharama. Ushindi haukuhama kampuni. Mkono ndio uliohama kutoka usukani.

Mteremko

Kalemie haina Porsche za kushindana. Iko na vilima nyuma ya mji. Wanaosafiri wanajua kupanda na kushuka kati ya Moba-Port na Kirungu, na wale wa Kivu ya Kusini wanajua Ngomo, kati ya Kamanyola na Bukavu. Hapo ndipo alama ya − inapokuwa kitu cha thamani kuliko kwenye uwanja wowote wa mashindano, na ni hapo ambapo watu wengi hawaigusi.

Gari ya otomatiki ikishuka kwenye D, inaona kwamba motere haina mzigo. Inapandisha vitesi. Motere inapumzika, gari inazidi mbio, shofere anashika freni. Anaachia, inazidi tena, anashika tena. Baada ya kilometa chache plaketi zimepata moto, mafuta ya freni yanaanza kuchemka, na pedali inakuwa laini kama imekanyaga sponji. Kwa gari iliyobeba watu saba na magunia juu, mambo yanaweza kuharibika haraka.

Shofere wa manuele alifundishwa zamani na wakubwa wake: shuka na vitesi ile ile ambayo ungepandia. Anaiweka kabla ya mteremko, si katikati yake. Motere inanguruma na kuishikilia gari, freni zinabaki baridi kwa ajili ya kona. Mwenye otomatiki anaweza kufanya karibu vilevile: levye pembeni, − mara moja, mara mbili, mpaka mizunguko ipande na gari itulie. Hapa S ya Toyota na M ya wengine zinafanya kazi sawa, kwa sababu anachotaka mtu ni kuizuia gari isipande vitesi. Gari isiyo na alama hizo ina 2 au L, au kibonye cha O/D kwenye levye, ambacho kikizimwa kinaifungia vitesi ya juu kabisa. Kelele ya motere inatisha abiria. Wacha itishe; sindano isipofika nyekundu, hakuna kinachoumia.

Kuna tabia moja mbaya ambayo inafanywa na masofere wa manuele na wa otomatiki sawasawa: kuweka N kwenye mteremko "juu ya kubana mafuta". Kwenye gari za injeksheni haibani chochote. Gari ikishuka ndani ya vitesi bila mguu kwenye mafuta, kompyuta inakata injeksheni kabisa. Magurudumu yanazungusha motere bure. Ukiweka N, motere inalazimika kuchoma mafuta ili isizimike. Yaani mtu anapoteza mafuta na anapoteza kizuizi kwa wakati mmoja.

Kusukuma, kuvuta, maji

Sasa pampu inarudi. Gari ya otomatiki ikikataa kuwaka, hakuna faida ya kuita vijana wasukume. Motere imelala, kwa hiyo pampu imelala. Presha haipo, sahani hazibanwi, magurudumu yanazunguka lakini nguvu haifiki kwenye motere. Alama ya + na − haibadilishi chochote hapo. Dawa ni kebo na batri ya jirani.

Kuvuta ni hatari zaidi, kwa sababu hakuonyeshi uharibifu mara moja. Gari ya manuele ikivutwa kwa kamba na levye kwenye N, bwate yake kwa kawaida inajipaka mafuta ikizunguka. Otomatiki ikivutwa vivyo hivyo mwendo mrefu, vyuma vya ndani vinazunguka vikavu, kwa kuwa pampu ndiyo inayosambaza mafuta. Gari inafika garaji kwa tatizo la injekta na inatoka na bwate iliyoungua. Njia salama ni kupandisha magurudumu yanayovuta, au kuiweka yote juu ya lori.

Na maji. Bwate ya otomatiki ina tundu dogo la kupumulia. Maji ya ziwa yalipopanda 2024 na kuingia sehemu za chini za mji, gari zilizokaa ndani ya maji zilipata shida ambayo haionekani kwa macho: maji yakipita kwenye tundu hilo na kuchanganyika na mafuta, mafuta yanakuwa meupe kama maziwa yenye chai, na sahani za ndani zinaanza kuvimba na kubanduka. Gari ya namna hiyo isiwashwe kujaribu. Mafuta yakaguliwe kwanza.

Kuhusu mafuta yenyewe, kosa linalorudi rudi ni kuweka mafuta ya otomatiki ya kawaida ndani ya CVT, "sababu yote ni ya bwate". Si yote. Mkanda wa chuma unahitaji mafuta yake, na aina inaandikwa kwenye kitabu cha gari au kwenye kifaa cha kupimia.

Pedali tatu kwenye mtihani wa kazi

Kuna upande mwingine ambao hausemwi sana. Vijana wengi wa Kalemie siku hizi wanajifunzia kwenye gari ndogo ya otomatiki ya mjomba au ya rafiki. Anayeendesha yenye + na − anajiambia anajua manuele. Halafu anaomba kazi kwenye shirika, na gari ya mtihani ni Land Cruiser 70, ile ngumu inayoonekana kila mahali mashariki mwa Kongo tangu miaka mingi, na levye ndefu ya vitesi tano. Mtihani wenyewe ni kilima: simama katikati, freni ya mkono, ondoka bila kurudi nyuma. Mguu wa kushoto haujawahi kufanya kazi. Motere inazimika mara ya kwanza, inazimika mara ya pili.

Hakuna palete iliyomfundisha mguu huo. Kinyume chake ni rahisi: shofere wa manuele anajifunza otomatiki ndani ya nusu siku, na shida yake kubwa ni mguu wa kushoto unaotafuta ambreyaje na kukanyaga freni kwa nguvu, abiria wote wakienda mbele. Dawa ni kuuweka pembeni na kuusahau.

Kwa wale wanaoogopa usukani wa kulia: mpangilio wa pedali haugeuki. Ambreyaje kushoto, freni katikati, mafuta kulia, na ya kwanza inabaki juu upande wa kushoto kwenye gari nyingi. Kinachogeuka ni mkono tu. Upande wa alama ndio unaodanganya: kwenye Toyota nyingi kusukuma levye mbele ni +, kwenye BMW kusukuma mbele ni −. Inafaa kusoma maandishi kabla ya kuanza mteremko.

Hata Land Cruiser 70, iliyotoka mara ya kwanza 1984, haiko tena na njia moja. Iliporudi kuuzwa Japani mwezi wa kumi na moja 2023, ilirudi na dizeli ya lita 2.8 na otomatiki ya vitesi sita peke yake. Itachukua miaka kabla ya hizo kuzoeleka kwenye barabara ya Nyunzu au ya Moba.

Anayekwenda kununua leo bandarini hana haja ya kubishana na muuzaji. Ainame, ahesabu pedali. Zikiwa mbili, aombe gari ipashwe moto kwanza, kisha ajaribu kwenye kilima: aweke −, aangalie kama sindano inapanda na gari inashikwa bila mshtuko, asikilize kama kuna kuchelewa kati ya kidole na motere. Achomoe kifaa cha kupimia mafuta ya bwate, kama kipo, apanguse kwenye karatasi nyeupe. Mekundu yenye kung'aa ni dalili nzuri. Yakiwa meusi na yana harufu ya kuungua, zile + na − zilitumika sana Japani, au hazikutumika pale zilipohitajika, na bei ianze kuzungumzwa upya kutoka hapo.